Kitabu cha Mkerewe Kilichotukesha

Vitabu virefu vyaogopesha. Hata sisi walimu twaviogopa, ijapokuwa twawahimiza watoto wavisome. Basi, mwenzetu mmoja alipotuazima "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali", tulitazama unene wake, kurasa zaidi ya 600, tukakusudia kutafuta humo habari za pombe ya ndizi tu, kwa ajili ya somo la darasani, kisha tukirudishe Jumapili. Jumapili nne zimepita, na kitabu kingali nyumbani kwetu hapa Kagondo.

Mtungaji wake, Aniceti Kitereza wa Ukerewe, si mgeni katika nchi hii, maana ujanani alisoma katika seminari ya Rubya. Tena masimulizi ya Wakerewe yasema kwamba ukoo wa watemi wao ulitoka Ihangiro. Alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, lakini hakupatikana mtu wa kukipiga chapa. Hata mwenyewe akakifasiri kwa Kiswahili, kikatolewa mwaka 1980. Yeye aliaga dunia mwaka 1981.

Habari yake ni ya zamani, kabla ya kuja Wazungu. Myombekere na mkewe hawana mtoto. Wazazi wa Bugonoka wamwondoa binti yao. Mume aenda kumwomba, naye atozwa pombe. Lakini Kitereza hana haraka. Watu wakikutana, twasikia salamu zote; pombe ikitengenezwa, twaona kila hatua. Mwanzoni tuliruka kurasa. Baadaye tulirudi kuzisoma moja moja, kwa kuwa tulitambua ya kwamba kukawia kule ndiko habari yenyewe: kila ndizi inayovundikwa yaonyesha jinsi mume amtakavyo mkewe.

Lawama haikosekani. Watoto wakiisha kuzaliwa, uzi wa hadithi walegea, na mahali pengine mila zapangwa kama bidhaa dukani, wala hatujui ni nani anayezihitaji. Msomaji asikate tamaa hapo.

Yafaa tuseme pia kwa nini kilitushika hivyo. Nyumba yetu imeingia mwaka wa saba tangu ndoa, wala haijapata mtoto. Wako wazee wema, hata wa kanisani, wanaotunong'oneza tutafute mwingine. Nasi tulikuwa tukiwaitikia kwa adabu, pasipo kukataa. Tulipomwona mtu wa zamani zile, asiyepata kusikia Injili, akishika njia kumfuata mke wake yule yule, tuliona haya.

Awezaye kukipata na akisome polepole, kama mtu atembeaye na mzee. Mwenye kitabu atuwie radhi: hatuwezi kukirudisha bado, maana sasa mama wa nyumba ndiye akisomaye, naye haruki hata ukurasa mmoja.