Goti la Terry Funk

"Mieleka ni maigizo tu," wananiambia kila nikiiwasha. Sawa, mshindi hupangwa. Lakini katika Beyond the Mat, filamu ya Barry Blaustein ya 1999, Terry Funk anakaa mbele ya daktari kuambiwa hali ya goti lake, na hilo goti halikupangwa na mtu. Aprili 1997, akiwa na miaka 52, alitwaa taji la ECW, kampuni ndogo ya Philadelphia. Septemba akaaga mashabiki kwao Amarillo. Enyewe nililia. Kumbe igizo lilikuwa ile kwaheri! Mzee alirudi ulingoni, akarudi tena, hadi 2017, miaka 73. Blaustein anampenda mno hata hamkazii swali. Mimi ningemwachia daktari aongee zaidi.