Jicho la Chozi na Ukingo wa Picha

Ukiletewa picha ya ndege mdogo uipime, anza pembeni kabla hujamtazama ndege. Ukingoni ndipo unapojua kama mpigaji alichagua au alibahatisha. Ncha ya mkia iliyokatwa, kidole cha mguu kilichobaki nje: picha imeshapungua, hata manyoya yang'ae vipi.

Huku kwetu Muheza, mtihani wenyewe uko msitu wa Amani, Usambara Mashariki. Ndege chozi wa Amani ana urefu wa sentimita 8 hivi, na hujilisha juu kabisa kwenye vilele vya miti. Dume ana kichwa na koo vya kijani kilichokolea, tumbo jeupe. Anayempiga picha akiwa chini ya mti hupata tumbo jeupe kwenye mbingu nyeupe, basi. Hakuna mkato utakaoiponya picha hiyo. Mjuzi husimama kwenye kona ya barabara ya mlimani, pale kilele cha mti ulioota bondeni kinapolingana na macho yake, akangoja. Picha yake utaitambua kwa jicho la ndege: linaonekana kutoka ubavuni, lina nukta ya mwanga, na nyuma yake kuna kijani cha mbali kilichotulia.

Hesabu ya mkato nayo ina neno lake. Kamera ya megapikseli 24 hutoa nukta 6,000 kwa 4,000. Punguza nusu ya upana na nusu ya kimo, zinabaki megapikseli 6, zinazotosha chapa safi ya upana wa sentimita 25. Rudia, umebaki na 1.5, saizi ya kadi ya posta. Ukilazimisha ukubwa, manyoya yanakuwa chenga. Picha ya chenga siipokei, hata ndege awe adimu.

Linaloniuma zaidi ni mkato unaomtenga ndege na makazi yake. Yupo Amani ndege mdogo aitwaye kisayansi Artisornis moreaui, mwenye mdomo mrefu mwembamba, aliyepewa jina la Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi hapohapo miaka ya 1930. Duniani anajulikana Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji tu. Hana rangi za kujionyesha. Maisha yake yamo ndani ya mimea itambaayo iliyosongamana. Akijaza fremu nzima, umempata ndege wa kijivu ambaye angeweza kuwa popote. Mwache achukue robo ya picha, mdomo uwe na nafasi mbele yake, mimea imzunguke. Jani likipita mbele ya mkia, silihesabu dosari. Likipita mbele ya jicho, rudi kesho alfajiri.