Fundi Anayeuliza Kwanza

Mshale wa joto ukianza kupanda kwenye Corolla ya zamani, wengi hukimbilia kuilaumu rejeta. Fundi mzuri wa Gerezani, Dar es Salaam, huuliza kwanza: inachemsha kwenye foleni au mlimani? Ikichemsha foleni na kupoa ikikimbia, anaitazama feni. Ikichemsha ikipanda mlima Kitonga, rejeta iliyoziba inaingia shakani. Kisha anagusa mipira ya rejeta: wa juu unaunguza, wa chini baridi, basi huenda themostati, inayofunguka kwenye nyuzi 82 hivi, imegoma. Mfuniko wa rejeta haugusi mpaka injini ipoe. Wenye makovu wanajua kwa nini. Wanaoing'oa themostati na kuitupa siwasifii. Nampongeza huyu anayeichemsha kwenye sufuria aione ikifunguka, kabla hajakutuma dukani.