Majina ya Mahali na Mambo ya Kale katika Taita: Uhakiki wa Namna ya Kuyarekodi

Jina la mahali ni ushahidi wa lugha kwanza, kisha ndipo liwe ushahidi wa historia. Kanuni hii husahauliwa mara nyingi katika maandishi yahusuyo Taita. Mwandishi husikia jina, huuliza maana yake, hupewa kisa, nacho kisa huchapishwa kana kwamba ndicho asili yenyewe.

Mfano ulio wazi ni Voi. Hudaiwa kwamba mji huo ulirithi jina la Kivoi, mfanyabiashara wa Kikamba, na wapo wanaomweka miaka 400 nyuma. Kivoi ajulikanaye katika maandishi aliuawa mwaka 1851, akiwa safarini pamoja na Krapf karibu na mto Tana. Nyakati hizo hazipatani. Tena haielezwi ki- ya mwanzo ilidondoka kwa kanuni ipi. Hii si hoja ya kukitupa kisa. Kisa ni mapokeo, nacho chastahili kuandikwa kama mapokeo, mbali na etimolojia.

Kasoro ya pili ni ya maumbo. Kidawida kina sauti gh, lakini maandishi rasmi huandika Mgange badala ya Mghange. Kiambishi -nyi, kionekanacho katika Wundanyi na Ngerenyi, ni mwenzake -ni ya mahali katika Kiswahili. Asiyekitambua hulidhani neno zima kuwa shina. Vilevile Kadiaro, mlima aliouzuru Rebmann mwaka 1847, ndio Kasigau ya leo. Orodha yenye umbo moja tu humkatia mtafiti njia ya kuyafikia maandishi ya awali.

Hasara iliyo kubwa zaidi yahusu mapango ya mafuvu. Zamani Wadawida walifukua fuvu la marehemu baada ya muda, wakaliweka katika pango la ukoo wake. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yaweza kulinda pango lililotambuliwa. Haiwezi kurejesha jina lililosahauliwa. Fuvu lililotengwa na jina la pango lake limepoteza ukoo, na hubaki mfupa tu.

Yafaa kukumbuka kazi ya wapima ramani wa Uskoti katika karne ya 19. Madaftari yao yaliweka kando ya kila jina tahajia zake mbalimbali pamoja na watu waliolithibitisha. Hata hivyo, majina mengi ya Kigaeli yaliishia kuandikwa kwa umbo la Kiingereza. Utaratibu mwema hautoshi iwapo sikio la mwandishi ni la lugha nyingine.

Basi kwa Taita, kila jina halina budi kurekodiwa kwa matamshi ya wenyeji, tahajia zake zote, mahali lilipo na aliyelitaja. Kisa kifuate baadaye, katika safu yake. Kazi hiyo yawahusu wanaisimu kabla ya wanahistoria, na wazee wayajuayo majina ya miamba na vijito hawatangoja.