Riwaya Zetu Hupanda Ndege Mapema Mno

Ukisoma riwaya za Waafrika waliokwenda kusoma ng'ambo utagundua kwamba wahusika wengi hufika upesi sana. Ukurasa huu mtu yuko kwao, ukurasa wa pili anatetemeka kwa baridi. Theluji ina kurasa zake, upweke una kurasa zake, ubaguzi una sura nzima. Lakini ile miezi ya fomu, madeni na kuulizwa wewe ni nani hupewa aya mbili tatu, kisha haraka haraka tunapelekwa uwanja wa ndege. Nadhani hapo ndipo tumepoteza hadithi.

Nasema hivi kwa sababu huwa naletewa insha. Mtoto wa jirani, rafiki ya binamu, kijana wa kwaya: "Anti, hebu nipitishie macho hii kabla sijatuma." Nimesoma nyingi hadi nikaanza kuzichukulia kama fasihi. Na kwa kweli, kijana wa Kenya anayetaka kwenda majuu hutunga hadithi tatu juu ya mtu mmoja, yeye mwenyewe, na hizo hadithi hazipatani.

Ya kwanza ni ya kuomba ufadhili. Hii inataka umaskini, tena uliopangwa vizuri: koroboi, karo isiyolipwa, mama wa mboga, halafu mwalimu mmoja mwema, halafu alama nzuri. Ya pili ni ya viza, na hapa umaskini lazima ufichwe. Uingereza mara nyingi hutaka kuona pesa zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Kwa Marekani, sheria inamtaka afisa aanze kwa kudhani kwamba mwombaji anataka kuhamia kabisa, mpaka mwombaji amshawishi vinginevyo. Kwa hiyo yule mtoto wa koroboi sasa ana mjomba mwenye pesa, ana shamba la familia, ana kila sababu ya kurudi nyumbani, na anayasema haya kwa dakika chache mbele ya kioo. Ya tatu ni ya harambee. Kadi zimechapishwa, kikundi cha WhatsApp kimefunguliwa, mchungaji na chifu wamealikwa. Hapa yeye si maskini wala tajiri. Ni "mtoto wetu", na kila anayetoa mia tano ananunua kipande kidogo cha kesho yake.

Msichana mmoja aliniletea insha ambayo alikuwa amefuta sentensi moja. Ilisema baba yake alikuwa fundi hodari wa redio, na jioni watu walikuja kwao kusikiliza mpira. Nikamuuliza kwa nini ameitoa. "Anti, si itaonekana tulikuwa tunajiweza?" Ilikuwa ndiyo sentensi nzuri kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo hakuna mtu mwingine angeweza kuiandika. Nilimwambia airudishe. Alinitazama kama mtu aliyeshauriwa apoteze nafasi yake. Hapo ndipo nilipoona uzito wa hizi karatasi. Zinamfundisha mtoto ni sehemu gani za maisha yake zina bei, na ni zipi za kutupa.

Waandishi wetu wamesema nini juu ya haya? Chimamanda Ngozi Adichie amejaribu kuliko wengi. Katika Americanah (2013), Ifemelu anaondoka Nigeria kwa sababu migomo imeua masomo chuoni, na Obinze, aliyeipenda Marekani tangu utotoni, ananyimwa viza tena na tena. Adichie anaelewa kwamba viza inaweza kutenganisha wapenzi kuliko ugomvi wowote. Lakini hata yeye anavutiwa zaidi na kilichoko ng'ambo ya kioo.

Abdulrazak Gurnah, katika Gravel Heart (2017), anagusa deni. Salim anaondoka Zanzibar kwenda London chini ya mjomba wake Amir, na haichukui muda tunaona kwamba mfadhili naye ana madai. Anayelipa nauli hutaka pia kuchagua kozi. Msomaji wa Kisumu au Machakos hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa Kiswahili tunaye Adam Shafi. Mbali na Nyumbani ni simulizi ya kijana anayetoka Zanzibar akitafuta elimu Ulaya, na uzuri wake ni kwamba njia yenyewe ndiyo kitabu. Kuondoka kunachukua muda, kunachosha, kunategemea wema wa watu usiowajua. Sioni ni ajali kwamba subira hii imetokea katika Kiswahili. Fomu ya viza huzungumza Kiingereza, lakini harambee, wasiwasi wa mama na minong'ono ya majirani havizungumzi Kiingereza hata kidogo. Mwandishi wa Kiswahili yuko ndani ya chumba ambamo mambo hutokea.

Tena hapo kuna kichekesho kichungu. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika Decolonising the Mind (1986) jinsi watoto walivyoadhibiwa kwa kunaswa wakisema Kigĩkũyũ shuleni. Wengi wetu tulivaa ile "disk" miaka mingi baada ya uhuru. Kisha mtoto huyo huyo, aliyechapwa ili aseme Kiingereza, vyuo vingi vinamtaka alipe afanye mtihani wa kuthibitisha kwamba anakijua. Kama hiyo si riwaya, sijui riwaya ni nini.

Mtu atasema haya ni mambo ya siku hizi. La. Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege iliyotafutwa na juhudi za Tom Mboya. Barua ya kuchangisha pesa kule Marekani ilitiwa saini na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Huku nyumbani familia na majirani walichanga pia. Hata wakati huo, kabla ya mtu kupanda ndege ilibidi asimuliwe. Tunakumbuka picha ya ndege na majina ya waliorudi wakiwa wakubwa. Waliouza ng'ombe tumewaacha nje ya picha.

Na wapo ambao ndege haikuja kabisa. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa kupitia mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka wanafunzi Finland na Canada. Magazeti yaliandika, kesi zikaenda kortini. Riwaya juu ya mzazi kama huyo bado sijakutana nayo: mzazi aliyeuza shamba, akaaga mtoto kwa maombi na mbuzi, halafu mtoto akawa bado yuko nyumbani, anaogopa hata kwenda dukani kwa sababu kijiji kizima kilishamuaga.

Huyo mtoto hana theluji ya kuelezea. Hakuvuka mpaka wowote. Lakini alitunga hadithi tatu, akaziamini, na zote zikamrudia. Mwandishi atakayekaa naye pale nyumbani, bila kukimbilia uwanja wa ndege, atatuandikia kitabu ambacho nusu ya nchi hii itajiona ndani yake.