Mtambo uliomnasa mdukuzi wa Berkeley

Kisa cha Clifford Stoll huwa kinasimuliwa kama hadithi ya kijasusi, na yeye mwenyewe ndiye aliyekisimulia hivyo katika kitabu chake The Cuckoo's Egg cha mwaka 1989: mdukuzi wa Hannover, kompyuta za jeshi la Marekani, fedha za KGB. Hapa tuuweke ujasusi kando kwa muda, tuutazame mtambo. Kabla hajawa mpelelezi, Stoll alikuwa na kazi ya kifundi. Ilimbidi afunge chombo cha kufuatilia mawasiliano ya mtandao, akifunge upesi, kwa vifaa alivyoweza kuvipata, tena mahali ambapo anayefuatiliwa hatakiona. Wasimamizi wengi wa mitandao leo wana vifaa vizuri mara elfu kuliko vyake, na bado swali la mahali pa kuvifunga wanalijibu vibaya kuliko yeye.

Stoll alikuwa mtaalamu wa falaki katika maabara ya Lawrence Berkeley, California. Fedha za utafiti wake zilipokwisha, akahamishiwa kitengo cha kompyuta. Agosti 1986 akapewa kazi ya mgeni: hesabu za matumizi ya kompyuta zilikuwa zimepishana kwa senti 75, atafute zimepotelea wapi. Alichokuta ni akaunti ya mtu aitwaye Hunter, isiyokuwa na anwani ya kupelekewa ankara. Haukupita muda, ikaonekana kwamba akaunti ya mtafiti mmoja aliyekuwa Uingereza ilikuwa ikitumika mwenyewe akiwa hana habari. Kuna mtu alikuwa ndani.

Njia aliyoipata ilikuwa ya kijanja, na ni muhimu kwa kinachofuata. Programu ya GNU Emacs ilikuwa na kijiprogramu cha kuhamisha barua pepe, movemail, nacho katika maabara ile kilikuwa kimepewa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mfumo. Hakikuuliza faili linapelekwa wapi. Mdukuzi akakitumia kuweka atrun ya bandia mahali pa atrun halisi, programu ambayo mfumo wa Unix wa maabara hiyo uliiendesha wenyewe kila baada ya dakika tano. Saa ya mfumo ikifika, programu ya bandia inaendeshwa kwa mamlaka yote, na aliyeiweka anakuwa msimamizi kamili. Kisha anairudisha ile halisi mahali pake na kufuta nyayo.

Hapo ndipo uamuzi ulipohitajika. Jambo rahisi lingekuwa kufunga mlango: kubadili manenosiri, kuziba movemail, kazi imekwisha. Lakini hivyo usingejua ni nani, ametokea wapi, na ameacha milango mingine mingapi. Jambo la pili, ambalo fundi yeyote wa Unix angelifikiria kwanza, ni kuandika programu ya kurekodi kila anachofanya mgeni huyo, ndani ya kompyuta ileile. Tatizo ni kwamba mwenye mamlaka ya msimamizi huona programu zote zinazoendeshwa, na kumbukumbu za mfumo anaweza kuzihariri apendavyo. Huyu alikuwa mwangalifu kweli. Kila alipoingia alitazama kwanza nani mwingine yumo na kompyuta inaendesha nini, na akihisi kuna msimamizi karibu, hutoweka.

Stoll akaamua kusikiliza waya badala ya kompyuta. Watu wa nje waliingia katika mfumo wa maabara kupitia laini zipatazo 50 za modemu na za mtandao wa Tymnet, na kila laini ilikuwa na kebo yake ya mfululizo kabla haijaifikia kompyuta. Ijumaa jioni, wenzake walipokwenda nyumbani, alizunguka ofisini akikusanya printa, teminali na kompyuta za kubebeka kutoka mezani mwao, akaziunganisha ubavuni mwa kebo hizo, kisha akalala palepale sakafuni. Kila herufi iliyopita katika laini ilichapwa kwenye karatasi. Wikiendi ilipokwisha, printa moja ilikuwa imetoa karatasi yenye urefu wa kama mita 24: kikao kizima cha mdukuzi, amri zake na majibu ya kompyuta.

Mtu akisoma haya leo anaweza kucheka, printa hamsini sakafuni, lakini hesabu yake ilikuwa sawasawa. Laini ya modemu ya wakati ule ilipitisha biti 1200 kwa sekunde, yaani herufi kama 120, na kasi hiyo vifaa vya ofisini viliimudu. Kubwa zaidi, kifaa kilichounganishwa ubavuni mwa kebo hupokea tu. Hakina akaunti katika mfumo, hakionekani kwenye orodha ya programu, hakiachi faili. Hata mwenye mamlaka yote ya kompyuta hawezi kukiona, kwa kuwa hakimo ndani ya kompyuta. Stoll alilisisitiza hilo katika makala yake ya kitaalamu iliyotoka Mei 1988 katika jarida la Communications of the ACM, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya kisa hiki inayostahili kusomwa na kila anayefunga mtambo wa aina hii. Kanuni hiyohiyo ikawa kanuni ya mazungumzo: yeye na wenzake waliacha kuandikiana barua pepe kuhusu mdukuzi na wakatumia simu, maana barua zilikaa kwenye kompyuta ambayo mgeni wao alikuwa akiisoma.

Karatasi ile ya kwanza ilionyesha pia kwamba mgeni aliingia kupitia Tymnet, basi laini za kufuatilia zikapungua kutoka hamsini hadi chache tu. Wenye printa wakarudishiwa mali zao. Kompyuta ndogo ikawekwa ivizie majina ya akaunti zilizoibwa, na likionekana moja, ipige peja ya Stoll popote alipo.

Karatasi zilisema nini? Mfano mmoja ninaupenda kuliko yote. Katika Unix ya Berkeley, ambayo ndiyo maabara iliyoitumia, anayetaka kuona programu zinazoendeshwa huandika ps -axu. Mgeni aliandika ps -eafg. Ile f haikuwa na kazi yoyote katika Unix hiyo; ni mazoea ya vidole vya mtu aliyejifunzia Unix ya AT&T. Kwa herufi moja, dhana kwamba ni mwanafunzi mtundu wa chuo kikuu cha jirani ikaanza kuyeyuka.

Mtambo ulimpa Stoll na uwezo ambao huenda hakuupanga. Kwa kuwa alikuwa akitazama laini yenyewe, aliweza kuivuruga. Siku moja mdukuzi alianza kunakili faili ambalo halikufaa kutoka, na Stoll akachukua funguo zake na kuzigusisha kwenye nyaya za kiunganishi. Maandishi yakavurugika kama vile laini ya simu ina kelele. Upande wa pili ilionekana ni simu mbovu tu, jambo la kawaida, na mgeni akakata tamaa na faili lile bila kushtuka kwamba kuna mtu.

Hata hivyo ushahidi wenye uzito zaidi haukutoka katika maneno. Ulitoka katika saa. Stoll aliandika daftari la kazi kama wanavyoandika watu wa falaki, kila tukio na muda wake, na daftari lilionyesha kwamba vikao vingi viliangukia karibu na saa sita mchana za California. Wadukuzi wa Marekani hufanya kazi usiku, simu zikiwa rahisi. Saa sita mchana Berkeley ni saa tatu usiku Ujerumani. Tena alipima ucheleweshaji: mdukuzi alipohamisha faili kwa programu ya Kermit, kila pakiti ilisubiri jibu la kuthibitisha kwamba imefika, na muda wa kusubiri jibu hilo ulitoa makadirio ya umbali mkubwa kuliko upana wa Marekani yote. Mwanzoni yeye mwenyewe hakuyaamini. Njia iliyofuatiliwa ilikuwa imeishia kwa Mitre, kampuni ya miradi ya ulinzi iliyoko McLean, Virginia, na ilionekana ndiyo mwisho wa safari, hadi ankara za simu za Mitre zilipolinganishwa na daftari ikabainika kwamba mtu alikuwa akiingia kwao na kutumia modemu zao kupiga simu nje, kwa gharama yao.

Kutoka hapo njia ilivuka bahari hadi mtandao wa Datex-P wa Ujerumani, Chuo Kikuu cha Bremen, kisha Hannover. Hannover ikawa kikwazo, kwa kuwa swichi za simu zilikuwa za mitambo ya zamani na fundi alihitaji muda mrefu kuifuatilia laini kwa mkono, wakati vikao vya mdukuzi vilikuwa vya dakika chache. Dawa yake ilikuwa chambo. Januari 1987 Stoll aliweka katika kompyuta mafaili marefu ya ofisi ya kubuni iitwayo SDINET, yaliyojaa barua za kiserikali kuhusu mradi wa Marekani wa kujikinga na makombora, na kuyafunga yasisomwe na yeyote isipokuwa mwenye akaunti na msimamizi wa mfumo. Anayeyasoma ni mwizi, hakuna shaka. Mdukuzi aliyasoma kwa zaidi ya saa nzima, na fundi wa simu akamaliza kazi yake. Mdukuzi huyo alikuwa Markus Hess. Mwaka 1990 mahakama ya Celle ilimtia hatiani pamoja na wenzake kwa ujasusi, wakapewa vifungo vya nje. Katika miezi yote hiyo alikuwa amejaribu kompyuta zipatazo 450, na zaidi ya 30 zilimfungukia.

Sasa tuhame karatasi, tuje kwenye mitambo ya leo. Laini ya gigabiti moja ikijaa hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde, yaani gigabaiti 450 kwa saa, na hakuna ofisi inayoweza kuhifadhi yote. Ndiyo sababu tangu Cisco ilipoleta NetFlow mwaka 1996 mitambo mingi huhifadhi muhtasari: anwani ipi iliongea na ipi, saa ngapi, kwa muda gani, baiti ngapi kila upande. Zana mbili zinazotumika sana kwa kazi hii zilizaliwa katika maabara ileile ya Lawrence Berkeley: tcpdump mwaka 1988, na Bro ya Vern Paxson mwaka 1995, ambayo tangu 2018 inaitwa Zeek. Maandishi yenyewe, kwa sehemu kubwa, hayasomeki tena, kwa kuwa mawasiliano mengi yamesimbwa. Ile ps -eafg leo ingepita ndani ya njia iliyosimbwa ya SSH na wala tusingeiona.

Watu hulalamikia hilo, kwamba usimbaji umepofusha mitambo. Nami nasema wakakisome tena kisa cha Stoll. Saa za vikao, ucheleweshaji wa majibu, laini aliyoingilia, muda aliokaa kwenye chambo: hakuna hata kimoja ambacho usimbaji ungekificha. Maneno yalimsaidia kuelewa mtu, lakini kilichompeleka Hannover ni muda na njia.

Nafasi ya kebo ya ubavuni leo imechukuliwa na mlango wa nakala kwenye swichi, unaotoa nakala ya kila pakiti inayopita mlango mwingine, na hapa makosa ni mengi. Mlango wa gigabiti moja hubeba gigabiti moja kwenda na nyingine kurudi, lakini mlango wa nakala hutoa kwa upande mmoja tu, hivyo pande zote mbili zikijaa, nusu ya pakiti hudondoka bila onyo lolote. Wengine hunakili upande wa nje wa ruta, ambako ofisi nzima imeshageuzwa kuwa anwani moja, kisha wanashangaa kwamba ripoti inamtaja mtumiaji mmoja tu. Saa za vifaa zisipolinganishwa kwa itifaki ya NTP, hakuna ankara wala daftari litakalooana na chochote. Na simu za wafanyakazi, tangu Android 10 na iOS 14, hutumia anwani za MAC za kubuni, kwa hiyo kumtambua mtu kwa kifaa chake kunahitaji uangalifu kuliko zamani.

Kuna jambo ambalo Stoll hakubanwa nalo kama tunavyobanwa sisi: faragha ya watumiaji. Wikiendi ile ya kwanza printa zake zilirekodi kila aliyepiga simu kuingia maabara, mwenye hatia na asiye na hatia. Paxson alilikumbuka hilo alipotoa jina la Bro, alilolichukua kwa Big Brother wa George Orwell ili watumiaji wake wasisahau kwamba kufuatilia mtandao ni kufuatilia watu. Ofisi ya Nairobi inayofunga mtambo kama huu inaangukia chini ya sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na ya Dar es Salaam chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Muhtasari wa nani aliongea na nani ni taarifa za mtu hata kama maneno yake hayamo, kwa hiyo wafanyakazi waambiwe kwamba mtambo upo na kumbukumbu zifutwe baada ya muda uliowekwa.

Kinachonisumbua zaidi ni mtindo ulioenea wa kufunga mtambo huu kama mashine pepe ndani ya seva zilezile unazozichunga, ukiingiwa kwa akaunti na nenosiri lilelile la msimamizi. Ni rahisi na huokoa fedha, sikatai. Lakini aliyelipata nenosiri hilo ameupata na mtambo, atafuta kumbukumbu za usiku wake kabla hujafika kazini. Kompyuta ndogo ya bei ya kawaida yenye milango miwili ya mtandao inatosha kwa ofisi nyingi: mlango mmoja usikilize tu, usipewe anwani kabisa, na wa pili uende kwenye mtandao wa wasimamizi peke yake, wenye akaunti zisizotumika mahali pengine popote.