Steringi Hafi: Kauli ya Mtazamaji wa Filamu kama Uhakiki Simulizi

Utangulizi

Mhakiki aliyefunzwa chuoni huiendea filamu akiwa na istilahi alizorithi: msuko, usimulizi, mtazamo, itikadi. Mtazamaji wa kawaida, yule aliyelipa kiingilio kidogo ili aketi kwenye benchi la kibanda cha video, huiendea kwa istilahi zake mwenyewe: picha, steringi, adui, kulipiza. Akisha kutoka nje hutoa hukumu bila kuombwa. Picha ilikuwa kali, picha haikuwa na maana, adui amekufa kirahisi mno, steringi ameonewa. Wasomi aghalabu huziona kauli kama hizi kuwa porojo za kupitishia jioni, au kuwa ushahidi kwamba hadhira ya mjini imepotoka katika uteuzi wake wa sanaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli hizi ni uhakiki, kwamba uhakiki huo una kanuni, na kwamba kanuni zake zinaweza kupimwa kwa kuzikabili na matini, kama inavyopimwa nadharia nyingine yoyote.

Suala hili si dogo kwa idara za fasihi nchini Kenya. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa pendekezo la kuivunja Idara ya Kiingereza mjini Nairobi na kuiweka fasihi ya Kiafrika, hasa fasihi simulizi, katikati ya masomo. Tangu hapo ngano, nyimbo na methali zimekusanywa, zimeainishwa na kufundishwa. Hata hivyo, kilichopewa nafasi zaidi ni utungo wenyewe kuliko hukumu ya wanaousikiliza. Hadhira ya fasihi simulizi imetajwa katika kila kitabu cha utangulizi kuwa ni hadhira hai, inayoitikia na kukosoa. Lakini ukosoaji wake haukuchunguzwa kwa makini yale yale. Ikiwa kuna utunzi simulizi, hapana budi pawe na uhakiki simulizi.

Kauli na mantiki yake

Miongoni mwa kauli za mabandani, iliyo mashuhuri zaidi ni fupi: steringi hafi. Neno steringi yaelekea limetokana na maandishi ya Kiingereza yanayotangulia jina la mchezaji mkuu katika filamu na mabango yake. Kiswahili kililipokea kama nomino, kikalipa maana inayokaribiana na nguli au shujaa. Kwa hiyo kauli hii ni kanuni ya kiumbo inayohusu nafasi ya mhusika ndani ya msuko. Anayeitamka hamtabirii mwigizaji fulani maisha marefu. Anaeleza kwamba aina hii ya masimulizi ina sharti, na kwamba sharti hilo linajulikana kabla taa hazijazimwa.

Kanuni ya namna hii si ngeni katika historia ya uhakiki. Vladimir Propp, katika utafiti wake wa mwaka 1928 juu ya ngano za Kirusi, alionyesha kwamba wahusika hubadilika majina na sura ilhali kazi zao katika msuko ni zile zile, nazo hufuatana kwa utaratibu. Aristotle naye, alipoujadili msuko wenye mwisho wa pande mbili, yaani wema kwa mwema na ubaya kwa mbaya, alisema kwamba baadhi ya watu huupa nafasi ya kwanza, ingawa yeye aliupa ya pili, akailaumu hadhira kwa udhaifu wake na washairi kwa kuifuata. Katika lawama hiyo mna ungamo: hata katika Athens watazamaji walikuwa na nadharia yao ya msuko, na ilikuwa na nguvu za kutosha kumfanya mwanafalsafa aijibu.

Kwa mtazamo wa haraka filamu nyingi zilizopendwa Afrika Mashariki huithibitisha kauli hii. Bruce Lee katika Enter the Dragon (1973) na Arnold Schwarzenegger katika Commando (1985) hupita katikati ya maadui wasio na idadi, wakatoka upande wa pili wakiwa hai. Lakini kanuni inayothibitishwa na mifano rahisi tu haijapimwa. Kipimo ni zile filamu ambamo steringi hufa, na hadhira haikuzikataa.

Steringi anapokufa

Ya kwanza ni Sholay (1975) ya Ramesh Sippy. Wezi wawili, Jai na Veeru, wameajiriwa na Thakur, ofisa wa zamani wa polisi aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh. Karibu na mwisho, Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, anabaki peke yake akiwazuia majambazi ili mwenzake apate kuondoka. Aliyeamua nani abaki ni shilingi iliyorushwa hewani. Ni baada ya kifo chake ndipo Veeru anapogundua kwamba shilingi hiyo ina pande mbili zinazofanana. Jai alikwisha kukichagua kifo chake. Tena kabla ya kukata roho amelilipua daraja na kuwaangamiza waliomfuata.

Ya pili ni Fist of Fury (1972). Chen Zhen, aliyeigizwa na Bruce Lee, anaziendea bunduki zilizoelekezwa kwake, anaruka, na picha inaganda akiwa angali hewani huku milio ya risasi ikisikika. Kwamba amekufa hakuna shaka. Kwamba ameanguka hakuna aliyeona.

Ya tatu ni ya nyumbani zaidi. Who Killed Captain Alex? (2010), filamu ya Nabwana I.G.G. iliyotengenezwa katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, inamuua mhusika mwenye jina katika anwani kabla hadithi haijafika mwisho, na wala haimtaji muuaji. Watengenezaji wake walikuwa wapenzi wa filamu za mapigano kabla ya kuwa watunzi, na toleo linalofahamika zaidi lina sauti ya msimulizi, VJ Emmie, anayeizungumzia filamu tangu mwanzo hadi mwisho. Watu hawa waliijua kanuni vizuri. Waliivunja kwa kumuua Alex kisirisiri, mbali na macho ya mtazamaji, asipate adui yeyote wa kujivunia kumshinda. Kisha wakamleta ndugu yake kulipiza.

Mifano hii mitatu ikiwekwa pamoja, kanuni inajifafanua. Steringi anaweza kufa; asichoweza ni kushindwa. Kifo kinakubalika kikiwa hiari, kikiwa sadaka, kikiwa hila ya gizani, mradi tu adui asisimame juu ya maiti kama bingwa. Neno hafi, kama lilivyo katika methali nyingi, limebeba zaidi ya maana yake ya juu juu.

Hapa ndipo kauli ya kibandani inapokutana na turathi kongwe ya pwani. Fumo Liyongo, kama anavyosimuliwa katika utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, anakufa. Anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe aliyerubuniwa na mtawala wa Pate. Lakini hakuna askari aliyemshinda vitani. Na hata baada ya roho kumtoka, amepiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wakaogopa kwenda kuteka maji. Mtazamaji wa leo hakuhitaji kuusoma utendi huo ili aijue kanuni. Itoshe kusema kwamba nguli wa Lamu na Pate na nguli wa Bombay wanahukumiwa kwa mizani inayofanana, na kwamba uhakiki wa filamu unaweza kutuonyesha jambo katika utendi ambalo uhakiki wa utendi peke yake haukulisisitiza.

Lalamiko la ubao

Mashabiki wa filamu hawatoi kanuni tu. Hutoa pia malalamiko. Lililo maarufu kuliko yote linahusu Titanic (1997) ya James Cameron. Jack anakufa kwa baridi baharini huku Rose akielea juu ya kipande cha mlango. Na kwa zaidi ya robo karne watazamaji wamedai kwamba ubao ule uliwatosha wote wawili. Mhakiki mwenye haraka atasema hoja hii ni ya kitoto, kwani haihusu sanaa bali upana wa mbao. Cameron mwenyewe ameeleza mara kadhaa kwamba Jack alipaswa kufa kwa sababu hadithi ilidai hivyo. Hata hivyo, katika filamu ya hali halisi iliyoonyeshwa mwaka 2023, alifanya jaribio la kisayansi, akitumia watu wawili na ubao, ili kuijibu hoja hiyo, na ikabainika kwamba katika hali fulani huenda Jack angenusurika.

Lalamiko hili likisomwa kwa kanuni iliyokwisha kuelezwa, linapata uzito. Kifo cha steringi ni halali kikiwa sadaka. Na sadaka ni sadaka pale tu ambapo hapakuwa na njia nyingine. Kama ubao ulitosha, Jack hakujitoa, alipotezwa bure. Mtazamaji anadai kile ambacho Aristotle alikiita ulazima au uwezekano katika mfuatano wa matukio, ila anakidai kwa lugha ya seremala.

Mipaka ya uhakiki huu

Haifai, hata hivyo, kumtoa mtazamaji katika dharau na kumweka katika utukufu. Kanuni ya steringi ina upofu wake. Humpima adui kwa nguvu zake, haiulizi nani amemteua kuwa adui. Katika Rambo III (1988) adui ni jeshi la Kisovieti nchini Afghanistan; katika Commando ni dikteta wa nchi ya kubuni ya Amerika ya Kilatini. Nafasi ya adui imejazwa Hollywood, na shangwe za Nairobi huifuata bila kuikagua. Wasimulizi wa Kiswahili, kama vile Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, hupunguza utiifu huo kwa kuisimulia upya filamu na kuingiza ndani yake maneno na mambo ya mitaani. Lakini aghalabu steringi hubaki steringi, na adui adui.

Na bado upofu huo si kamili. Sholay ilitolewa Agosti 1975, wakati wa hali ya hatari nchini India. Katika mwisho uliokusudiwa, Thakur anamuua Gabbar kwa miguu yake. Wadhibiti wa filamu wakaukataa, na katika toleo lililoonyeshwa polisi wanafika na kumzuia. Mtazamaji atakayesema kwamba adui hakulipa ipasavyo, kwamba haki ilikuwa ya aliyekatwa mikono, ameligusa bila kufunzwa lile lile lililowashughulisha wadhibiti: je, kuadhibu ni haki ya aliyedhulumiwa au ya dola?

Hitimisho

Laura Fair, katika utafiti wake juu ya sinema nchini Tanzania uliochapishwa mwaka 2018, ameonyesha jinsi watazamaji walivyozijadili filamu za Kihindi na kupitia kwazo wakajadili mapenzi, ndoa na mamlaka ya wazazi. Kazi hiyo ni ya mwanahistoria. Ya mhakiki wa fasihi ingalipo. Hukumu za watazamaji zinastahili kukusanywa kama zilivyokusanywa methali: kwa maneno ya wasemaji wenyewe, pamoja na filamu iliyozizua na ubishi uliofuata, maana kauli isiyobishiwa kibandani ni nadra. Mwanafunzi atakayeianza kazi hiyo aanze na maswali mawili ambayo makala haya hayakuyamaliza: nani huhesabiwa kuwa steringi pale ambapo mhusika mkuu ni mwanamke, kama Rose aliyebaki hai akaisimulia hadithi, na watazamaji husema nini juu ya filamu ambamo adui kweli ameshinda.